Nani aliwafundisha watoto wetu Baba Yetu?

Mwaka 1614 Sultani Hasan wa Mombasa aliuawa bara, alikokimbilia baada ya kukosana na kapteni Mreno wa Ngome ya Yesu. Mkono wa Wareno ulikuwemo katika kifo hicho. Aliacha mtoto wa kiume, Yusufu, mwenye umri wa miaka kama saba. Wareno hao hao wakamchukua na kumpeleka Goa, makao makuu ya utawala wao upande huu wa dunia, wakamkabidhi kwa mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino. Akabatizwa kwa jina la Jerónimo. Akafundishwa kusoma, kuandika, kusali na kujibu maswali ya katekisimu. Akawa askari wa majini wa Ureno, akaoa huko huko. Aliporudishwa Mombasa kukalia kiti cha baba yake, waliomlea waliamini kwamba sasa wana mfalme Mkatoliki katika pwani ya Waislamu.

Mambo yalikwenda vingine. Inasimuliwa kwamba alionekana akiomba kwenye kaburi la baba yake kama Waislamu wanavyoomba. Agosti 1631, alipojua kwamba habari zake zingefikishwa kwa wakubwa wa Wareno, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudia jina lake la Yusufu na kuwataka Wakristo wa mji waiache dini yao. Waliokataa, Wareno kwa Waafrika, waliuawa, na mapadri Waaugustino pamoja nao. Ndio tunaowaita Wafiadini wa Mombasa.

Wengi wanaosimulia historia ya kuwafundisha watoto dini Katoliki Afrika Mashariki hupenda kuanzia Bagamoyo, ambako habari zinatia moyo. Nimeanza na kisa hiki kichungu kwa makusudi. Yusufu hakukosa mafundisho. Walimu wake walikuwa wasomi, vitabu vilikuwepo, na miaka ya kujifunza ilikuwa mingi. Alichokosa ni mtu wa kwao. Mtoto aliyefiwa na baba alifundishwa kusema "Baba yetu" na watu ambao wenzao walihusika na kifo cha baba yake. Karne nne zimepita tangu hapo, mitaala imebadilika mara nyingi, lakini naamini swali kubwa limebaki lile lile: nani amekaa na mtoto wakati anajifunza kusali?

Ngome ya Yesu ilipotekwa na Waomani mwaka 1698, misioni za Kikatoliki zilitoweka katika pwani hii, na zilirudi baada ya zaidi ya karne moja na nusu. Desemba 1860 Padri Armand Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na wenzake wachache. Mwaka 1863 kazi hiyo ikakabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu chini ya Padri Antoine Horner, na mwaka 1868 misioni ikavuka bahari na kuanzishwa Bagamoyo. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wengi wakiwa wamenunuliwa katika soko la watumwa la Unguja kabla halijafungwa mwaka 1873.

Sehemu ya fedha za kuwakomboa ilitoka kwa watoto wenzao. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha chama cha Utoto Mtakatifu. Masharti yake yalikuwa mepesi, kiasi kwamba hata mtoto wa darasa la kwanza angeyaweza: kusali Salamu Maria kila siku, na kutoa sarafu ndogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Sarafu hizo zilizokusanywa parokia kwa parokia zilifika hadi Bagamoyo, zikalisha watoto, zikawavisha na kuwajengea shule. Ninaposoma habari hizi huwa nafikiria jinsi mtoto wa fundi viatu wa Nancy na mtoto wa Kiyao aliyetembezwa kwa miguu kutoka upande wa Ziwa Nyasa walivyounganishwa na sala moja bila kujuana majina.

Maisha ya Bagamoyo yalikwenda kwa kengele. Sala ya asubuhi, Misa, kazi ya shamba, darasa, katekisimu, kazi tena, sala ya jioni. Watoto walitoka katika makabila mengi na hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, kwa hiyo Kiswahili kikashika nafasi kubwa katika mafundisho. Padri Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879, aliisikiliza lugha hiyo kwa umakini ambao hadi leo wataalamu wa Kiswahili wanaushukuru. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitolewa mwaka 1939. Watoto wale waliosali kwa Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana walikuwa wakiandaa njia ya Kanisa zima la nchi hii, ingawa hakuna aliyewaambia hivyo.

Haikuwa pepo. Kipindupindu kilipita, na mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha majengo ya misioni. Nidhamu ilikuwa kali, na wapo watoto waliotoroka. Lakini tofauti yao na Yusufu ni kubwa. Wao walikuwa wamepoteza ukoo wote, na misioni ikawa ndiyo ukoo wao mpya. Walikua pamoja, wakaoana, wakajengewa kijiji chao. Kisha, kuanzia Mhonda, katika nchi ya Unguu, mwaka 1877, mapadri walipokwenda kufungua misioni za bara walifuatana na familia za Bagamoyo. Huko watoto wa Unguu waliona kwa mara ya kwanza mama Mwafrika akifanya ishara ya msalaba kabla ya kula, na baba Mwafrika akipiga magoti jioni pamoja na wanawe. Mimi naona hapo ndipo mafundisho yalipoanza kweli, hata kama daftari za misioni zinahesabu kuanzia darasani.

Upande wa Ziwa Viktoria historia ilichukua njia isiyotarajiwa. Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, na Bruda Amans walifika Entebbe Februari 17, 1879, wakiwa Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Lavigerie alikuwa ameagiza kwamba anayetaka ubatizo aandaliwe kwa miaka minne. Agizo hilo lilionekana zito kwa watu waliokuwa wakishindana na Waanglikana na Waislamu katika ikulu ya Kabaka Mutesa, lakini Lavigerie hakutaka Wakristo wa haraka haraka. Halafu, Novemba 1882, hali ya ikulu ilipokuwa mbaya, mapadri wote waliondoka Buganda. Walikwenda kusini mwa ziwa, wakakaa Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo, hadi Julai 1885.

Karibu miaka mitatu bila padri hata mmoja. Hakuna Misa, hakuna kitubio. Kwa hesabu ya kawaida kikundi kile kidogo cha waliobatizwa kilipaswa kusambaratika. Waliporudi, mapadri walikuta wanafunzi wa dini wameongezeka sana. Joseph Mukasa Balikuddembe alikuwa akiwafundisha vijana watumishi wa ikulu. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma, alifundisha nyumbani kwake. Mathias Kalemba Mulumba alifundisha huko Mityana. Hawakuwa na shule wala mshahara, na waliyoyajua waliyabeba kichwani.

Yaliyofuata chini ya Kabaka Mwanga yanajulikana, lakini tukumbuke lilikuwa kosa gani lililowasha moto. Mei 1886 Mwanga alirudi kutoka mawindoni akiwa na hasira, akawauliza vijana walikokuwa. Denis Ssebuggwawo, kijana wa miaka kama 16, alikiri kwamba alikuwa akimfundisha dini mwenzake, Mwafu, mtoto wa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka. Mwanga alimchoma mkuki, na akauawa. Usiku uleule, vijana wakijua kwamba zamu yao imefika, kiongozi wao Karoli Lwanga aliwabatiza kadhaa waliokuwa bado hawajabatizwa, na mmoja wao alikuwa Kizito, mdogo kuliko wote, wa miaka kama 14. Juni 3 wakachomwa moto Namugongo. Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi Wakatoliki wote 22 kuwa watakatifu Oktoba 18, 1964.

Watoto wetu huwaimba mashahidi hao kila mwaka kama mashujaa wa kufa. Ningependa pia wawaimbe kama walimu. Denis aliuawa kwa sababu ya kipindi cha dini.

Lavigerie mwenyewe alikuwa ameshaona kwamba Mwafrika ndiye atakayemfundisha Mwafrika. Huko Malta alifungua chuo cha kuwasomesha udaktari vijana waliokombolewa utumwani ili warudi Afrika wakiwa waganga na makatekista kwa pamoja. Mmoja wao, Adrian Atiman, alizaliwa karibu na mto Niger, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na wamisionari. Alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akaoa huko na kukaa hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa zaidi ya miaka 60 alitibu vidonda na kufundisha sala. Mwanawe Joseph alipata upadri. Karema ilikuwa mbali kabisa na alikozaliwa, lakini alijifanya mtu wa pale, na watu wakamkubali.

Kama ningepewa nafasi ya kuchagua kisa kimoja tu cha makala hii, ningechagua cha Paimol, kaskazini mwa Uganda, katika nchi ya Waacholi. Wamisionari wa Komboni walifungua misioni ya Kitgum mwaka 1915. Juni 1916 walibatizwa pale vijana wawili, Daudi Okello na Gildo Irwa. Muda si mrefu katekista wa Paimol, ndugu yake Daudi, akafariki. Daudi akaomba achukue nafasi yake. Alikuwa na miaka kama 15. Gildo, mdogo wake kwa miaka michache, akaomba kufuatana naye. Padri wa Kitgum alisita, maana Paimol ilikuwa mbali na watu wake walisifika kwa ugomvi, lakini mwishowe akawaruhusu.

Tunajua walivyofundisha kwa sababu waliofundishwa nao waliishi na kusimulia. Alfajiri Daudi alipiga ngoma kuwaita watoto kwa sala ya asubuhi. Kisha akawapitisha katika sala na maswali na majibu ya katekisimu, akiyaimba ili yashike kichwani. Gildo ndiye aliyewakusanya watoto, na aliwakusanya kwa michezo. Alicheza nao kwanza, halafu wakakaa kujifunza. Jua lilipochwa walisali rozari kwa Kiacholi. Mchana Daudi alilima kama wengine, kwa sababu alichopewa kwa kazi yake hakikumtosha. Aliwatembelea pia watoto wa vijiji vya jirani ambao wazazi wao waliwahitaji machungani na shambani, akawafundisha huko huko.

Watu wa Paimol walikuwa na hasira na utawala wa kikoloni uliowaingilia katika mambo ya uchifu, na baadhi waliwaona vijana hao kuwa sehemu ya wageni. Kati ya Oktoba 18 na 20, 1918, kabla ya mapambazuko, waliwajia na kuwataka waache kufundisha. Daudi alikataa. Gildo alipewa nafasi ya kuondoka, akajibu kwamba kazi walifanya pamoja na kufa watakufa pamoja. Wote wawili waliuawa kwa mikuki. Papa Yohane Paulo II aliwatangaza wenyeheri Oktoba 20, 2002. Gildo alikuwa na umri ambao leo tungemkuta darasa la sita au la saba.

Kuhusu mtindo wao wa maswali na majibu nina jambo la kusema, kwa sababu siku hizi ni kawaida kuubeza. Katekisimu ya namna hiyo ilienea Ulaya kuanzia karne ya 16, hasa ile ya Petro Canisius iliyotolewa mwaka 1555, na Marekani watoto wengi walikua na katekisimu ya Baltimore ya mwaka 1885. Ilikuja kwetu ndani ya mizigo ya wamisionari ikiwa na majibu mafupi makavu. Wapinzani wake wanasema mtoto hukariri bila kuelewa, na mara nyingi wanasema kweli. Lakini tazama mazingira ya kijiji chenye kitabu kimoja, na pengine katekista mwenyewe anasoma kwa kusitasita. Huko, kichwa cha mtoto ndiyo maktaba. Isitoshe, watu wetu walikwisha kuwa na vitendawili, majigambo na nyimbo za jando zilizojaa mafundisho ya kukariri. Daudi alipoyaimba majibu yale alikuwa akifundisha kwa namna ambayo mama yake angeitambua. Wako wazee leo waliosahau mengi, lakini ukiwaanzishia Amri Kumi za Mungu wanakwenda nazo hadi mwisho bila kukwama, na katika ugonjwa wao maneno hayo ndiyo wanayoyashika.

Wakati Daudi na Gildo wangali watoto wasiobatizwa, huko Roma yalifanyika mabadiliko ambayo ndiyo yaliyotupa komunyo ya kwanza tunayoijua. Kwa muda mrefu, katika nchi nyingi za Ulaya, mtoto aliruhusiwa kupokea Ekaristi akiwa na miaka 10, 12 au hata 14, kwa hofu kwamba kabla ya hapo hastahili. Papa Pius X aliona hofu hiyo imezidi. Aprili 1905, katika waraka wake Acerbo Nimis, aliwaagiza maparoko wawafundishe watoto katekisimu kwa saa nzima kila Dominika na sikukuu. Agosti 8, 1910 ikatoka amri ya Quam Singulari: umri wa kupambanua mambo ni miaka kama saba, na mtoto anapaswa kujua mafumbo makuu ya imani kadiri ya uwezo wake, na kutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Basi. Amri hiyo iliwataja pia wenye wajibu wa kuamua na kumwandaa mtoto, na katika kuwataja ilianza na baba na muungamishi wake. Sisi tumelisoma agizo la umri, tukaliruka la baba.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, shule zikaingia kwa nguvu. Hadi hapo katekista wa kijijini alikuwa kila kitu: alifundisha sala, alifundisha herufi, aliongoza ibada ya Dominika, alizika wafu. Shule zake za vichakani zilikuwa banda la nyasi na ubao mmoja, na kwa watoto wengi wa Tanganyika hizo ndizo shule pekee walizozijua. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki kuchunguza elimu, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikatangaza sera ya kushirikiana na misioni. Serikali ingetoa ruzuku, lakini kwa shule zenye walimu wenye vyeti na mtaala uliokubaliwa.

Misioni zilipaswa kuchagua. Mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, aliyetumwa na Papa kukagua misioni za makoloni ya Uingereza barani Afrika, aliwaambia wamisionari waliokutana Dar es Salaam kwamba pale wasipoweza kufanya yote mawili, waache makanisa yasubiri na waziimarishe shule. Lilikuwa agizo la kijasiri. Shule hizo ndizo zilizotoa makarani, walimu, waganga, na baadaye mawaziri. Hata hivyo, kuna aliyelipa gharama ambaye hatumtaji. Kazi ya katekista iligawanywa vipande viwili. Aliyesoma akawa mwalimu wa shule mwenye cheti na mshahara. Asiye na cheti akabaki na dini, akilipwa kidogo au asilipwe kabisa. Mtoto akaona kwa macho yake kwamba anayefundisha hesabu anavaa viatu, na anayefundisha Nasadiki anatembea peku. Hakuna padri aliyekusudia kufundisha hivyo, lakini watoto hujifunza pia yale ambayo hatukukusudia.

Mwaka 1934 Kambarage, mtoto wa Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki, alianza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma. Mwisenge haikuwa shule ya misioni. Ilikuwa ya serikali, na mafundisho ya dini yalitolewa na watu wa misioni waliofika hapo. Kambarage alianza kukaa katika mafundisho ya Wakatoliki pamoja na rafiki yake, Oswald Mang'ombe. Hakuna aliyemlazimisha, na alichukua muda wake: alibatizwa Desemba 23, 1943, akiwa na miaka 21, akaitwa Julius. Baadaye alifundisha katika shule za Kikatoliki za St. Mary's, Tabora, na St. Francis, Pugu.

Nayataja haya kwa sababu serikali yake, alipokuwa Rais wa Tanzania, ndiyo iliyozichukua shule za misioni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilianza kazi mwaka 1970, na shule ambazo mapadri, masista na waumini walikuwa wamezijenga kwa mikono yao zikawa za taifa. Uchungu ulikuwa mkubwa, na mapadri wazee walikufa nao. Ninauelewa. Lakini pia ninaelewa hoja ya upande wa pili: nchi changa haikuweza kuendelea huku mtoto wa Kiislamu au wa dini ya jadi akilazimika kupita mlango wa kanisa ili apate darasa. Kipindi cha dini kikabaki kwenye ratiba. Kila dhehebu lilete mwalimu wake, watoto wagawanyike, Wakatoliki huku, Walutheri kule, Waislamu kwa ustadhi wao. Ndivyo Kambarage mwenyewe alivyojifunza pale Mwisenge, katika shule isiyo ya Kanisa, kwa mwalimu aliyekuja, akiwa amekaa na rafiki. Kenya ilichukua njia ya kati: kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 makanisa yakawa wadhamini wa shule, na elimu ya dini ya Kikristo ikawa somo la mtihani kwa silabasi ya pamoja.

Baada ya mwaka 1970 Kanisa la Tanzania lilijikuta likimtafuta tena yule aliyeachwa peku. Katekista ndiye aliyekwenda shuleni na kitabu chake kwapani kufundisha kipindi cha dini, ndiye aliyewakusanya watoto kigangoni Jumamosi. Wakati ule ule mafundisho yenyewe yalikuwa yanabadilika. Mwaka 1964 wataalamu wa katekesi kutoka pande nyingi za Afrika walikutana Katigondo, Uganda, wakataka mtoto aanze na historia ya wokovu na Biblia kabla ya orodha ya majibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliipa liturujia lugha za watu, na mwaka 1973 Roma ikatoa mwongozo wa Misa kwa ajili ya watoto. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikubaliana kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ndizo ziwe msingi wa Kanisa katika nchi zetu. Ghafla mtoto akaanza kusikia Injili sebuleni kwao, ikisomwa na jirani anayemuuzia mama yake nyanya.

Utoto Mtakatifu nao umegeuka sura. Watoto ambao zamani wangekuwa wa kukombolewa sasa ndio wanaotoa. Desemba 28, sikukuu ya Watoto Mashahidi, ni siku yao katika parokia nyingi za Tanzania. Wanaongoza nyimbo, wanasoma masomo, wanapeleka matoleo yao kwa ajili ya wenzao wa nchi nyingine.

Yapo yanayonitia wasiwasi. Kuanzia miaka ya 1990 Kanisa limejenga upya shule zake za msingi, nyingi zikifundisha kwa Kiingereza, na nyingi ni nzuri sana. Mtoto anajifunza sala zote kwa Kiingereza, kisha anakwenda likizo kwa bibi yake Kibosho au Bukoba, wakipiga magoti jioni anabaki kimya, kwa sababu rozari ya bibi ni ya Kiswahili au ya lugha ya nyumbani. Mwalimu wake amefanya kazi yake sawasawa. Lakini sala imekuwa somo la shule, na bibi, ambaye angekuwa mwalimu bora kuliko wote, amegeuzwa msikilizaji. Jumamosi nazo zimejaa tuisheni. Mzazi anamleta mtoto mafundisho ya komunyo kwa bodaboda, anamfuata saa sita, na wiki nzima hamuulizi amefundishwa nini. Siku ya komunyo yenyewe gauni na keki vinakuwa vimegharimu zaidi ya alichopata katekista kwa mwaka mzima wa kumfundisha mtoto huyo.

Maneno kuhusu katekista hayajapungua. Mwaka 1965 hati ya Mtaguso kuhusu umisionari, Ad Gentes, ilitaka makatekista wa kudumu wapewe malipo ya haki ili waishi kwa heshima. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 231, inasema walei waliojitoa kwa huduma ya Kanisa wana haki ya malipo yanayowatosha wao na familia zao. Mei 10, 2021 Papa Fransisko, kwa barua yake Antiquum Ministerium, aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi inayotolewa na askofu kwa ibada maalumu. Kinachokosekana kiko chini kabisa, kwenye karatasi ya bajeti ambayo halmashauri ya walei ya parokia huipitisha kila mwanzo wa mwaka. Kuna mstari wa rangi ya kanisa, mstari wa vipaza sauti, mstari wa mafuta ya gari. Mahali pengi posho ya anayewafundisha watoto haina mstari wake, na kila mzazi Mkatoliki ana haki ya kusimama kwenye mkutano huo na kuuliza kwa nini.